Fasihi ya Kisasa ya Ayalandi: Uanze na Vitabu vya Kiingereza au vya Kiayalandi?

Mtu akiomba ushauri kuhusu vitabu vya Ayalandi, aghalabu hupewa majina yale yale: James Joyce, W. B. Yeats, Samuel Beckett, Seamus Heaney, na siku hizi Claire Keegan na Sally Rooney. Hakuna hata mmoja kati yao asiyestahili kutajwa, lakini orodha hiyo ni ya upande mmoja. Kwa zaidi ya miaka mia moja nchi hiyo imekuwa na fasihi mbili zinazokwenda sambamba, moja kwa Kiingereza na nyingine kwa Kiayalandi, ambacho wenyewe hukiita Gaeilge, lugha ya Kiselti iliyo mbali sana na Kiingereza hata Mwingereza ambaye hajaisomea haambulii kitu anapoisikia. Nia yangu ni kuziweka fasihi hizo mbili pamoja ili mwenye nafasi ya kusoma vitabu vitatu au vinne tu aweze kuamua aanzie wapi.

Nianze na jambo moja la kweli: wengi wetu hatujui Kiayalandi, na vitabu vyake tutavisoma katika tafsiri za Kiingereza. Kwa hiyo tunachochagua ni sauti ambayo kitabu kilizaliwa nayo, na msomaji kilichomkusudia. Tofauti hiyo huonekana hata ndani ya tafsiri.

Chanzo cha kuwapo fasihi mbili ni msiba. Njaa Kuu ya mwaka 1845 hadi 1852, iliyoletwa na ugonjwa wa viazi na kuzidishwa na siasa za serikali ya London, iliua watu wapatao milioni moja, na wengine wapatao milioni moja wakavuka bahari. Walioumia zaidi walikuwa maskini wa magharibi na kusini, na hao ndio waliokuwa wasemaji wakubwa wa Kiayalandi. Waliobaki waliona kwamba mtoto atakayepanda meli ya kwenda Boston au Liverpool atahitaji Kiingereza, na shule zilizoanzishwa na serikali kuanzia mwaka 1831 zilikuwa zikifundisha kwa lugha hiyo hiyo. Sensa ya mwaka 1851 ilikuta wasemaji wa Kiayalandi wamekuwa chini kidogo ya robo ya watu wote. Mwaka 1893 ikaundwa jumuiya ya Conradh na Gaeilge ili kuiokoa lugha, na mmoja wa waasisi wake, Douglas Hyde, alikuja kuwa rais wa kwanza wa nchi mwaka 1938. Katiba ya mwaka 1937 ilikitaja Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza na Kiingereza kuwa ya pili, ingawa maisha ya kila siku yameupindua mpangilio huo: katika sensa ya mwaka 2022 watu karibu milioni 1.9 walisema wanaweza kuzungumza Kiayalandi, lakini wanaokizungumza kila siku nje ya shule walikuwa takriban 72,000 tu.

Takwimu hizo zinaeleza tofauti ya kwanza kati ya fasihi hizi, yaani hadhira. Mwandishi wa Kiingereza wa Dublin au Belfast anaandika akijua kwamba atasomwa London, New York na Nairobi, na mara nyingi ukurasa wake una mkono unaomshika mgeni na kumwelekeza njia. Mwandishi wa Kiayalandi anawaandikia watu wachache ambao tayari wanajua kijiji kinanuka nini asubuhi ya mvua, na hana haja ya kumfafanulia mtu. Msomaji wa mbali anaweza kujihisi amefungiwa nje kwa kurasa kumi za mwanzo, lakini akivumilia atakuta kwamba ameketi ndani ya nyumba ya watu.

Joyce na Ó Cadhain

Ulinganisho ulio tajiri kuliko wote ni ule wa nathari, na ndani ya nathari ningewakutanisha watu wawili: James Joyce na Máirtín Ó Cadhain.

Katika riwaya ya Joyce ya mwaka 1916, A Portrait of the Artist as a Young Man, kuna mazungumzo mafupi kati ya kijana Stephen Dedalus na padri Mwingereza, msimamizi wa masomo chuoni kwao. Padri anawasha moto, na katika kuzungumzia taa linaingia suala la faneli, kile chombo cha kumiminia mafuta. Stephen anakiita tundish. Padri hajawahi kulisikia neno hilo, na kwa adabu analipokea kama neno la kienyeji la Waayalandi. Kijana anabaki akiwaza kwamba lugha wanayozungumza ilikuwa ya padri kabla ya kuwa yake yeye, kwamba maneno ya kawaida kabisa kama nyumbani au bwana yana ladha nyingine katika kinywa cha kila mmoja wao, na kwamba nafsi yake hutaabika chini ya kivuli cha lugha hiyo. Kurasa nyingi baadaye, Stephen anaandika katika shajara yake kwamba amelitafuta neno lile na kukuta ni Kiingereza safi cha zamani. Mwenye lugha ndiye aliyekuwa halijui! Tukio hilo ni la dakika chache, lakini kwangu limebeba fasihi nzima ya Ayalandi kwa Kiingereza: watu waliopewa lugha ya mtawala, wakaijua kuliko mtawala, na bado wasitulie ndani yake. Utulivu huo uliokosekana ndio uliozaa Ulysses mwaka 1922, riwaya inayokigeuza Kiingereza kwa kila mtindo unaowezekana katika siku moja ya Dublin, tarehe 16 Juni 1904.

Ó Cadhain hana mgogoro huo. Alizaliwa Cois Fharraige, pwani ya magharibi ya Galway, ndani ya Kiayalandi kilicho hai. Alifungwa katika kambi ya Curragh wakati wa Vita Vikuu vya Pili kwa sababu ya harakati zake za kisiasa, na riwaya yake Cré na Cille, yenye tarehe ya mwaka 1949, imeandikwa kana kwamba Kiingereza hakikuwapo. Wahusika wote ni maiti. Riwaya inaanza na Caitríona Pháidín, mwanamke aliyezikwa sasa hivi, akijiuliza kwa wasiwasi kama wamemzika katika sehemu ya makaburi ya pauni moja au katika ile ya shilingi kumi na tano. Hamuulizi Mungu kitu, wala halii kwa kutengana na dunia; anachotaka kujua ni kama jamaa zake wamemwaibisha mbele ya majirani. Kuanzia hapo hakuna msimulizi. Kuna sauti tu, zikisengenyana, zikipigana vijembe, zikisubiri kila maiti mpya ashuke na habari za juu: nani kaolewa, nani kashinda kesi, na kama Nell, dada yake Caitríona anayemchukia kuliko kiumbe yeyote, naye yuko karibu kufa. Miongoni mwao yumo rubani Mfaransa aliyezikwa hapo, ambaye taratibu anajifunza Kiayalandi humo humo kaburini.

Sauti hazitajwi majina. Msomaji anamtambua msemaji kwa msemo wake anaourudia, au kwa kinyongo anachokirudia. Kwa mtu aliyekulia baraza, au aliyelala chumba cha jirani na wanawake waliokesha kwenye msiba wakizungumza hadi alfajiri, mbinu hii si ngumu kama wahakiki wanavyosema. Hata sarufi inasaidia: Kiayalandi hakina neno moja la ndiyo wala la hapana, bali anayeulizwa hujibu kwa kukirudia kitenzi, sawasawa na sisi tunavyojibu “nimekula” tunapoulizwa kama tumekula. Mfumo huo unaipa lugha mdundo wa majibizano, na wafasiri wazuri wameubakiza.

Nikiwapima hawa wawili kwa usawa, Joyce ana upana mkubwa zaidi na athari yake duniani haina mfano. Lakini kwa masikio tu, kwa uhodari wa kusikia watu wanavyosema kweli, namweka Ó Cadhain mbele, na nasema hivyo nikijua kwamba nimemsoma katika tafsiri.

Kisiwa na mji mdogo

Nje ya hao wawili, nathari ya Kiayalandi ina hazina moja ambayo Kiingereza hakiwezi kuilipia, nayo ni tawasifu za Blasket Kuu, kisiwa kidogo nje ya pwani ya Kerry. Tomás Ó Criomhthain, mvuvi aliyejifunza kuandika lugha yake akiwa mtu mzima, alichapisha An tOileánach mwaka 1929. Rafiki yake kutoka bara alikuwa amemsomea Pierre Loti na Maksim Gorki ili aone kwamba maisha ya wavuvi na maskini yanafaa kuwa kitabu. Alichoandika ni kikavu kama mwamba. Vifo vya watoto wake anavitaja kwa sentensi chache, kisha anaendelea na uvuvi, na ukavu huo ndio unaomuumiza msomaji. Karibu na mwisho anasema ameandika kwa sababu watu mfano wao hawatapatikana tena, na ilikuwa hivyo: wakazi wa mwisho walihamishwa mwaka 1953. Muiris Ó Súilleabháin wa kisiwa hicho hicho alitoa Fiche Blian ag Fás mwaka 1933, kitabu cha kijana, chenye furaha zaidi. Peig Sayers, mtambaji hadithi hodari, tawasifu yake ilitoka mwaka 1936 na kwa miaka mingi wanafunzi walilazimishwa kuisoma shuleni, jambo lililowafanya wengi waichukie pamoja na lugha yenyewe. Namsikitikia Peig kwa hilo.

Vitabu hivyo vilizaa mwitiko wa aina ya pekee. Brian O’Nolan, anayejulikana zaidi kama Flann O’Brien, aliandika riwaya yake At Swim-Two-Birds kwa Kiingereza mwaka 1939, kisha mwaka 1941 akatoa An Béal Bocht kwa Kiayalandi, kejeli kali inayocheka desturi ya kuupamba umaskini wa wasemaji wa Kiayalandi, humo mvua hainyamazi na viazi haviishi. Huyu ni mwandishi mmoja aliyekuwa bingwa katika lugha zote mbili. Nashauri An Béal Bocht isomwe baada ya An tOileánach, kamwe isitangulie, kwa kuwa kejeli bila ya kile kinachokejeliwa hubaki nusu.

Kwa upande wa Kiingereza, nguvu kubwa imekuwa katika kusema yaliyofichwa na mji mdogo, kanisa na familia. Edna O’Brien alitoa The Country Girls mwaka 1960, riwaya ya wasichana wawili wa kijijini, ikapigwa marufuku. John McGahern alitoa The Dark mwaka 1965, ikapigwa marufuku pia, naye akapoteza kazi yake ya ualimu. Claire Keegan amerithi ujasiri huo kwa sauti ya chini zaidi. Katika Small Things Like These ya mwaka 2021, Bill Furlong, mfanyabiashara wa makaa ya mawe katika mji wa New Ross, anapeleka mzigo kwenye nyumba ya watawa kuelekea Krismasi ya mwaka 1985, na anapofungua stoo ya makaa anamkuta msichana amefungiwa humo. Kuanzia hapo ni swali moja tu: mtu mwenye mke, mabinti watano na biashara inayowategemea watu hao hao wa kanisa atafanya nini? Kitabu ni chembamba, kinakwisha kwa jioni moja, na sijui riwaya ya Kiayalandi iliyotafsiriwa ambayo inaligusa jambo hilo la aibu ya taifa, la wasichana kufungiwa katika nyumba za watawa, kwa ukali wa namna hiyo. Hapo Kiingereza kinaongoza.

Ushairi na jukwaa

Katika ushairi mizani inakaribia kulingana. Heaney, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, ni mshairi wa udongo, koleo na kisima, na hata asiyezoea ushairi wa Kiingereza hapotei akimsoma. Upande wa pili anasimama Nuala Ní Dhomhnaill, aliyetokana na kundi la vijana wa Chuo Kikuu cha Cork walioanzisha jarida la Innti mwaka 1970. Diwani yake Pharaoh’s Daughter ya mwaka 1990 ina Kiayalandi ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili, kwa tafsiri za washairi wenzake mbalimbali, Heaney akiwa mmojawapo. Shairi lake Ceist na Teangan, lililotafsiriwa na Paul Muldoon, linaliweka tumaini la mshairi katika kimashua cha lugha kama mtoto anavyolazwa ndani ya kikapu kilichopakwa lami chini, kikaachwa kati ya matete ya mto, bila kujua mkondo utakipeleka wapi. Pengine kwenye mapaja ya binti Farao. Msomaji anayekijua kisa cha Musa, kwa Biblia au kwa Kurani, hahitaji maelezo. Mwenzake Biddy Jenkinson alikataa mashairi yake yasitafsiriwe kwa Kiingereza nchini Ayalandi, akitaka pawe na kitu kisichofikika ila kwa kujifunza lugha. Namheshimu, ingawa kwa uamuzi huo sisi tumebaki mlangoni.

Michael Hartnett alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1975 alitoa A Farewell to English, akatangaza kwamba anakiacha Kiingereza, lugha aliyosema inafaa kuuzia nguruwe, na kwa miaka kumi alichapisha mashairi yake mapya kwa Kiayalandi hadi aliporudia Kiingereza mwaka 1985. Msomaji wa Afrika Mashariki atamkumbuka Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyegeukia Kigikuyu katika miaka hiyo hiyo ya sabini, na kulinganisha njia zao kunafaa makala nyingine.

Kwenye jukwaa, mbali na Beckett aliyeandika kazi zake kubwa kwa Kifaransa kwanza, tamthilia mbili zinatosha. Translations ya Brian Friel, iliyoonyeshwa Derry mwaka 1980, inatokea Donegal mwaka 1833, wakati wanajeshi Waingereza wanachora ramani na kubadilisha majina ya mahali. Wahusika wa kijijini wanasema Kiayalandi, lakini mtazamaji anawasikia kwa Kiingereza, na kuna tukio la mapenzi ambamo msichana na mwanajeshi, wote wakisikika kwa Kiingereza, hawaelewani neno, isipokuwa majina ya vijiji wanayotajiana gizani. Ya pili ni An Giall ya Brendan Behan, tamthilia tulivu ya Kiayalandi ya mwaka 1958, ambayo mwaka huo huo ilipelekwa London kama The Hostage, ikajazwa nyimbo na vichekesho. Friel ndiye wa kusomwa. Behan ana faida zaidi kwa anayetaka kuona kazi moja inavyobadilika sura inapobadilisha hadhira.

Tafsiri ipi, na upatikanaji

Vitabu vya Kiingereza vinapatikana kwa urahisi, na vile vya Joyce na Yeats vinasomeka bure mtandaoni kwa kuwa haki zake zimekwisha muda. Vya Kiayalandi vinahitaji juhudi. Cré na Cille yenyewe ilikuwa imekwisha kusomwa na Wanorwei na Wadenmaki kwa lugha zao kabla ya kutoka kitabuni kwa Kiingereza mwaka 2015. Zilitoka tafsiri mbili za Kiingereza kwa miaka miwili. Ya Alan Titley, The Dirty Dust, ni huru, yenye matusi ya kutosha, na imejaribu kuuokoa mlio wa jina asilia kwa kurudia herufi moja mwanzoni mwa maneno. Ya Liam Mac Con Iomaire na Tim Robinson, Graveyard Clay ya mwaka 2016, inashikamana zaidi na maneno ya Ó Cadhain na ina maelezo ya kusaidia. Kwa kucheka, Titley. Kwa kumsogelea mwandishi, nachagua hiyo ya pili, hasa kwa msomaji ambaye Kiingereza cha mitaani cha Waayalandi kitamchosha.

Basi uanze na kipi? Anayesoma kwa ajili ya mtihani au anayehitaji kuzijua kazi zilizobadilisha riwaya ya dunia, na aanze na Kiingereza. Anayetaka kitabu kimoja kifupi kitakachomkaa moyoni, amchukue Keegan. Asiyetaka kuchagua kabisa ana njia mbili. Ya kwanza ni A Ghost in the Throat ya Doireann Ní Ghríofa, mshairi wa lugha zote mbili: kitabu cha Kiingereza cha mwaka 2020 kinachomfuata Eibhlín Dubh Ní Chonaill, aliyemtungia mumewe aliyeuawa mwaka 1773 mbolezi ambayo ni miongoni mwa mashairi makuu ya Kiayalandi, na mbolezi hiyo imo ndani pamoja na tafsiri. Ya pili ni Foster, hadithi ya Keegan ya mwaka 2010, ambayo imegeuzwa kuwa filamu ya Kiayalandi, An Cailín Ciúin, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2023.

Kwa wengine wote, wanaosoma kwa kupenda tu, ushauri wangu ni jioni mbili zinazofuatana. Jioni ya kwanza soma The Dead, hadithi ya mwisho katika Dubliners ya Joyce ya mwaka 1914. Humo Gabriel Conroy anabanwa na Bi Ivors kwa nini huenda kutalii Ulaya badala ya visiwa vya Aran, ambako angeendelea kuisikia lugha yake mwenyewe, naye anajibu kwamba Kiayalandi si lugha yake. Usiku huo huo anagundua kwamba mkewe, mtu wa Galway, bado anamlilia kijana aliyekufa zamani na kuzikwa Oughterard, na hadithi inaishia theluji ikianguka juu ya makaburi hayo ya magharibi, kimya. Jioni ya pili fungua Cré na Cille. Ni Galway ile ile, ni makaburi ya watu wa namna ile ile, na chini ya ardhi Caitríona Pháidín anataka kujua wamemlipia pauni moja au shilingi kumi na tano.